Bustani si Kiwanja Kitupu



Baadhi yenu mmetuuliza iwapo kupinga majumba ya biashara yanayojengwa penye mikusanyiko ya wananchi ni kupinga maendeleo. Tuitazame Nairobi.

Bustani ya Jevanjee ilitolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Humo msaka kazi hupumzisha miguu, wahubiri hupaza sauti adhuhuri (wengine sauti yao huizidi hoja yao), na Bunge la Mwananchi hujadili siasa bila kiingilio. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walikusudia kujenga hapo maegesho ya magari na maduka. Zarina Patel, mjukuu wa mfadhili yule, aliongoza upinzani, na bustani ikabaki.

Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa ameupinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa Uhuru Park. Bungeni alidhihakiwa; hatimaye mradi ukaachwa. Naye alisomeshwa na masista wa Loreto kule Limuru, basi asiwepo Mkatoliki wa kusema jambo hili ni la wanaharakati tu.

Ardhi isiyoleta kodi ya pango, mwekezaji huiita tupu. Hesabu hiyo ina kasoro. Baba aishiye katika chumba kimoja na watoto watano hana sebule nyingine ila bustani ya umma. Ukumbi ukivunjwa, tajiri huenda klabuni kwake. Huyu tumpeleke wapi? Ahabu naye alimwahidi Nabothi shamba lililo bora zaidi, au fedha. Bei haikuwa mbaya. Nabothi alikataa kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake, wala haukuwa wake peke yake hata auuze (1 Fal 21). Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitaka maeneo ya pamoja mijini yalindwe, maana ndipo mtu hujiona mwenyeji.

Hatusemi jiji lisijengwe. Familia zinahitaji nyumba na vijana kazi. Ila kibao cha kubadili matumizi ya ardhi kikisimikwa kiwanjani, wengi wetu hukipita kama tangazo la mganga. Kisomeni, ndugu zetu, kisha iandikieni kaunti mapema, kabla mabati ya uzio hayajafika.