UCHANGANUZI: Bima pekee haimwinui mtoto aliyepatwa na kiharusi
WENGI hudhani shinikizo la damu na kiharusi ni maradhi ya wazee. Hata hivyo, mtoto mwenye maradhi ya figo aweza kupandwa na shinikizo kimyakimya hadi mshipa wa ubongo ukapasuka.

Mnamo 2016, Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana ilianzisha MakueniCare, ambapo kila familia ililipa Sh500 kwa mwaka. Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilifuata kwa mpango wa Sh1,000. Tangu Oktoba 2024, bima ya kitaifa imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Mipango hiyo ililenga gharama za hospitali, wala si nauli. Ubongo wa mtoto hujifunza upya, lakini kwa mazoezi ya miezi mingi. Katika Kitui yenye takriban kilomita mraba 30,000, mzazi wa Kyuso hawezi kufika mjini kila wiki.

Kinga nayo yahitaji mkanda mdogo wa kupimia. Ule wa watu wazima huficha shinikizo la mtoto. Mkanda huo na mtaalamu wa viungo wasipofika zahanati za vijijini, kadi ya bima itabaki ahadi nusu.