Nyumba ya Taarab

Twauliza: taarab yetu itawekwa wapi? Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928, sauti yake ikatiwa katika santuri. Freddie Mercury, mzaliwa wa mji huu, alifunguliwa makumbusho Shangani mwaka 2019, wala hatumwonei kijicho. Lakini Beit el Ajaib, lililokuwa jumba la makumbusho, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020, likaua watu wawili. Mambo Msiige, iliyokuwa ofisi ya Serikali, ni hoteli tangu 2015. Kumbe nyumba zipo! Twataka moja, kavu, ndani ya Mji Mkongwe, ihifadhi santuri, udi na ganuni kabla chumvi haijavila. Serikali itutajie ni ipi, na lini.