SHAMBA NA NYUMBA: Foto inaona nini kwenye jani la muhogo?



Tuseme hivi, mama: umepanda muhogo nyuma ya nyumba, si mbali na kiwanda cha shaba. Sasa majani yanageuka manjano. Baba anasema, «Ni udongo wa shaba.» Jirani anasema, «Udongo una njaa, nunua mbolea.» Na dada yako ametuma mtoto kuomba vijiti vya kupanda. Utafanya nini?

Siku hizi watu wanatafuta jibu kwa foto. Jani zima linakula mwanga mwekundu wa jua, na linarudisha kwa nguvu mwanga mwingine, ule macho yetu hayaoni. Jani likigonjwa, linarudisha kidogo. Sateliti zinapima mianga hii miwili. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza mwaka 1972, na Sentinel-2 ya kwanza ya Ulaya ilipanda mwaka 2015. Lakini nukta moja ya foto ya Sentinel-2 ni metre 10 kwa metre 10. Shamba lako lote linaweza kuingia ndani ya nukta moja, pamoja na mabati na mwembe wa jirani! Tena wakati wa mvua, mawingu yanafunika yote.

Sisi watu wa Katanga tusishangae sana. Kuna vilima vyetu visivyo na miti, vyenye kuota majani na ua la shaba. Mwenye kujua kuangalia mimea, alijua kuko nini chini. Na ni kweli, shaba nyingi inazuia mmea kupata chuma, na majani yanakuwa manjano. Basi baba hakusema upuuzi.

Lakini angalia karibu. Kama manjano ni mabaka mabaka kati ya kijani, na majani machanga yamejikunja na kuwa madogo, fikiri kwanza juu ya mozaiki. Ni ugonjwa wa virusi. Unabebwa na inzi weupe wadogo, na unabebwa na mikono yetu wenyewe, ndani ya vijiti tunavyopeana. Mbolea haiuponyeshi. Utapoteza feza bure.

Hapa ninyi vijana wenye telefone mnaweza kusaidia. Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA walitengeneza programu inayoitwa Nuru. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama inaona mozaiki. Ilitengenezwa ifanye kazi hata pasipo rezo. Usipige foto ya jani moja tu. Zunguka, chagua mimea mbalimbali, angalia majani machanga ya juu. Rudi tena kisha juma moja.

Lakini tusikie vizuri: foto inasema, «Nenda uangalie pale.» Haisemi kila sababu. Kama unashuku shaba, ni udongo wenyewe unapaswa kupimwa.

Na vijiti vya dada? Mwambie mtoto angoje. Shina lenye mozaiki, ling'oe mapema, usimpe mtu. Chagua vijiti kwa mimea safi tu. Kumunyima leo ni vigumu, najua, ataweza kununa. Lakini ukimpa vijiti vigonjwa, mwaka ujao bukari itapunguka kwenye meza mbili: yake na yako.

Mpaka mwezi ujao.