Sapu si disko

Najua nimewatupa karibu miezi miwili. UE zilinibana, halafu kuna jambo la nyumbani lilinikata hamu ya kuandika. Leo nalitoa, maana limenikaa rohoni.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na ndiye aliyeuza feni ya bibi ili apate kete ya unga. Ukoo tukachangishana tukampeleka soba hausi. Arosto ilimtesa mwanzoni: kutapika, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Akavumilia. Siku ya 90 mama mkubwa akapika pilau, tukasema kapona.

Siku ya 97 akateleza. Aliruhusiwa kwenda msibani, akakutana na washkaji wa zamani, basi. Aliporudi wakamgundua, na sheria ya nyumba ile ni moja: ukitumia, unatoka. Saa nne usiku akajikuta nje ya geti na begi lake. Akanipigia. Mimi niko kwenye vimbweta nasoma, bumu ndo limetoka, nikaona namba yake nikajisemea "huyu anataka hela tu". Sikupokea. Alipiga mara tatu.

Asubuhi wakamkuta kwenye baraza ya watu, anahema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Wasamaria wakamkimbiza hospitali. Mungu mkubwa, yuko hai.

Nilichoelezwa pale hospitali ndicho kimenifanya niandike. Mtu akikaa miezi mitatu bila unga, mwili unapoteza mazoea. Dozi ile ile aliyokuwa anaimudu zamani sasa inaweza kumzimisha pumzi. Yaani usiku ambao teja ameteleza ni miongoni mwa zile za hatari zaidi maishani mwake, na ndio usiku huo huo sisi tunamfungia geti na kumkatia simu.

Jamani, hapa chuo mtu akipata sapu tunamwambiaje? Tunampa desa, anarudia mtihani. Hakuna anayesema yote aliyosoma yamefutika. Ila teja akiteleza mara moja tunamdisko palepale: "teja ni teja tu". Zile siku 97 alizikaa kweli, hakuziota.

Najua mtaniuliza, na wenzake waliomo ndani je? Hoja ya kweli hiyo. Nyumba ya watu wanaopambana na kiu ile ile haiwezi kuchezea kete. Mwendeshaji wa pale, naye aliwahi kutumia, aliniambia hivyo na nikamwelewa. Lakini kumtenga na wenzake ni kitu kimoja, kumtupa barabarani usiku ni kingine. Akae chumba cha pembeni, mtu amwangalie anavyopumua, ndugu waitwe, apelekwe hospitali. Asubuhi ndiyo mzungumze sheria.

Na tiba ipo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Mtu anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, kichwa kinapata nafasi ya kuwaza mengine. Wapo wanaoibeza eti ni kubadilisha unga kwa unga. Mbona mgonjwa wa sukari anachoma insulini kila siku na hatumsimangi?

Halafu soba hausi nyingi zinafuata zile hatua 12 zilizoanzia kwa walevi wa pombe kule Marekani miaka ya 1930. Hatua ya kwanza mtu anakiri kwamba ulevi umemshinda nguvu. Sasa aliyekwisha kukiri kuwa umemshinda, tunamwachaje peke yake nje ya geti?

Kaka sasa yuko kliniki ya methadoni na ana siku 41. Yeye anahesabu upya kutoka moja. Mama mkubwa ana hesabu yake: 97 na 41, anasema ni 138. Mimi niko upande wa mama mkubwa.

Juzi saa tano usiku akapiga. Nikapokea mlio wa kwanza, moyo unadunda. Kumbe kweli alitaka hela, buku ya bando. Nikacheka peke yangu kama chizi, nikamrushia.

Haya, nawahi kipindi. Tuko pamoja.