Hereni za Idi kutoka daftari la michoro

 

Idi inapokaribia, kamati za misikiti hupokea maswali yasiyohusu zakatul-fitri wala mwandamo wa mwezi. Safari hii akina mama wa darasa letu hapa Peramiho wameuliza: je, mabinti wa madrasa wanaojua kuchora waruhusiwe kuigeuza michoro yao ikawa hereni, vidani na bangili za kuwazawadia mama zao, mashangazi na majirani? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mzazi mmoja miongoni mwetu alikwishalitia moto daftari la bintiye, akiamini kwamba kuchora kwa namna yoyote ile ni haramu.

Kwanza tulitazame pambo lenyewe. Wako wanaodhani kwamba uchaji humtaka mwanamke asijipambe hata ndani ya nyumba yake. Sira haisemi hivyo. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Bi Zainab, binti wa Mtume (s.a.w.), alitaka kumkomboa mumewe Abul-Aas, aliyetekwa akiwa upande wa Makureshi. Akapeleka Madina mali ya fidia, na ndani yake mkiwamo kidani alichopewa na mama yake, Bi Khadija, alipoolewa. Abu Daud amepokea kwamba Mtume alipokiona kidani kile alishikwa na huruma kubwa, akawaambia masahaba kwamba wakiona vyema wamwachie mateka yule na kumrudishia Zainab mali yake. Wakakubali. Bi Khadija alikuwa amekwishafariki miaka kadhaa kabla ya siku hiyo. Kilichomgusa Mtume hakikuwa bei ya kidani, bali mkono uliokitoa.

Na Idi yenyewe ina habari yake. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume aliwaendea wanawake siku ya Idi akawahimiza kutoa sadaka, nao wakawa wanavua hereni na pete zao na kuzitupa katika nguo aliyoitandaza Bilali. Hawakukemewa kwa kuja Idi wamevaa mapambo.

Sasa tuje kwenye mchoro. Mkoa wetu wa Ruvuma umemtoa mchoraji ambaye mtindo wake unajulikana dunia nzima: Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za viwandani. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi hiyo. Wanafunzi wake waliuendeleza mtindo, na leo michoro ya namna hiyo imehama kutoka kwenye ubao na kuingia kwenye sinia, sahani na bangili. Mabinti wetu wana la kujifunza kwake: hakungoja vifaa vya ghali, alichukua rangi na mbao zilizokuwapo.

Hata hivyo hapo ndipo tunapoachana naye, kwa sababu michoro hiyo imejaa chui, tembo na ndege. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) na kumweleza kwamba riziki yake inatokana na kutengeneza picha kwa mikono yake. Ibn Abbas akamsomea onyo la Mtume juu ya wenye kuunda picha. Mtu yule akahangaika, na uso wake ukabadilika rangi. Ndipo Ibn Abbas akamwonyesha njia: ikiwa huna budi, chora miti na kila kisicho na roho.

Mimi huiona hekima kubwa katika mpangilio wa jibu lile. Ibn Abbas hakuificha hukumu, lakini pia hakumwacha mtu amesimama mbele ya ukuta. Mzazi aliyechoma daftari alikuwa na ghera ya dini, na ghera hiyo tunaiheshimu. Lakini moto haukuchagua. Uliteketeza ndege wawili watatu, ukateketeza na kurasa nyingi za maua na nakshi za piko ambazo hazina tatizo lolote. Binti wa miaka 13 akatoka pale akiwa na fundisho moja tu, kwamba alichopewa na Mola wake ni aibu. Mtoto aliyefundishwa hivyo haachi kuchora. Huanza kuchora kwa kificho, na atakalochora huko hakuna wa kumwongoza.

Basi wachore jani la muhogo, ua la mkahawa kama walionao ndugu zetu wa Mbinga, misuko ya ukili na nakshi za piko. Majina ya Allah na aya ningependa yaachwe. Ni kweli pete ya fedha ya Mtume ilichorwa maandishi, nayo ilikuwa muhuri wa barua zake. Lakini hereni huanguka njiani, bangili huingia nayo mtu chooni, jambo ambalo wanazuoni wamelichukia. Tena kwetu kidani chenye aya hakikawii kugeuka hirizi ya kumkinga mtoto na kijicho. Mlango huo tusiufungue. Watoto wa kiume nao watengeneze, ila wawape mama na dada zao. Pambo la mwanamume ni pete ya fedha, na dhahabu kwake ni haramu.

Kuhusu utengenezaji, kibuyu kikavu ndicho chepesi kuliko vyote, kwa kuwa hakilemei sikio. Kikatwe kwa msumeno wenye meno madogo, ndani kikwanguliwe, kingo zilainishwe kwa msasa. Mkataji ajifunge kitambaa puani, maana vumbi la kibuyu hukereketa kifua. Mabaki ya mbao kwa maseremala nayo yanafaa, japo yanataka kukatwa membamba sana. Mchoro uandaliwe kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule wa hereni, kwani nakshi nzuri ya ukurasa mzima ikifinywa hugeuka doa. Kisha uhamishwe kwa penseli, upakwe rangi ya mafuta kwa brashi nyembamba, uachwe siku nzima ukauke. Vanishi ipakwe mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Anayeipaka nzito kwa haraka atapata malengelenge.

Kwenye ndoano za hereni tusibane senti. Za bei ya chini mara nyingi huwa na nikeli, nayo huwawasha wengi hadi masikio yakatoa maji. Heri chuma kisichoshika kutu, au fedha kwa mwenye uwezo. Hata hivyo gharama yote haitafikia deni ambalo baadhi ya kina baba hulibeba kila Idi kwa kukopa zawadi katika maduka ya Songea mjini, deni linalowakuta bado wanalipa mfunguo tatu.

Jirani Mkristo naye apewe. Tunaishi kando ya abasia iliyokuwapo tangu mwaka 1898, na haki ya jirani haikuwekewa sharti la dini.

Darasa litaanza Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, kwenye baraza la madrasa, chini ya usimamizi wa akina mama. Kila binti aje na penseli, daftari na kibuyu, hata kama kimepasuka. Mzazi niliyemtaja tumemwalika aketi nasi na kuikagua michoro kabla haijapakwa rangi, naye amekubali kuja. Daftari jipya la bintiye limekwishanunuliwa na kamati.