Ligi ya Njozi: Usuhuba au Kamari?

Si ajabu kusikia ligi za njozi zikitiwa katika kapu moja na kamari. Wanaotoa hukumu hiyo hawajakosea kabisa, ila wamechanganya ndugu wawili wenye tabia mbalimbali. Historia ya besiboli nchini Marekani, mlikozaliwa michezo hii, yaweza kuwatenganisha.

Mnamo mwaka wa 1960, mwanasosholojia William Gamson alianzisha mchezo mdogo na wenzake, akauita semina. Jina la kisomi kwa jambo la kujifurahisha! Habari zake zilimfikia Daniel Okrent, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, kupitia mhadhiri wake Robert Sklar. Mwaka wa 1980, Okrent na marafiki zake jijini New York waliunda ligi waliyoiita Rotisserie, kwa jina la mkahawa walimokuwa wakila pamoja. Kila mmoja alitengewa fungu sawa la fedha, akanunua kwa mnada wachezaji halisi wa ligi kuu. Wachezaji hao walipofanya vyema uwanjani, mwenye timu alipata alama. (Neno 'njozi' lenyewe lina walakini: wachezaji ni wa kweli, na ugomvi ni wa kweli, la kubuni ni umiliki tu.)

Enzi hizo takwimu zilichotwa magazetini, zikapigiwa hesabu kwa mkono. Mshindi alimwagiwa kichwani kinywaji cha chokoleti. Okrent mwenyewe hakuwahi kuishinda ligi hiyo aliyoianzisha, wala hilo halikumfukuza. Mtu aliyefuata fedha tu angalikwisha kuhama.

Baadaye intaneti iliondoa taabu ya hesabu, na hapana haja ya kuililia. Hata hivyo, kuna kazi ambayo mashine haiwezi: kumbembeleza aliye mkiani mwezi wa Agosti asiitelekeze timu yake, kuamua iwapo mabadilishano ya wachezaji baina ya mashemeji wawili yalikuwa ya haki, kumtafuta wa kujaza nafasi ya aliyehamia mbali. Msimamizi anayefanya hayo miaka ishirini mfululizo, bila malipo na kwa lawama tele, ndiye nguzo ya ligi.

Sasa yatazamwe mashindano ya siku moja, yaliyovumishwa na kampuni kama FanDuel, iliyoanza 2009, na DraftKings, 2012. Mtu huchagua timu mchana, akala au akaliwa kabla ya usiku kucha, miongoni mwa maelfu ya watu asiowajua. Msimu wa mechi 162 kwa kila timu hugeuzwa mchezo wa jioni moja. Hapo hapana anayekumbuka ununuzi wa kijinga wa miaka mitano iliyopita, wala wa kutaniwa kwa ajili yake. Hiyo ni kamari, iitwe itakavyoitwa.

Wanafunzi wa Kenya wanaocheza ligi ya njozi ya soka ya Uingereza, mchezo rasmi ulioanza 2002, wamo katika njia panda iyo hiyo. Kundi huanza Agosti kwa mbwembwe, na ifikapo Januari nusu yao hawagusi timu zao. Badala ya kuongeza dau ili kuwazuia, yafaa wakubaliane mapema nani atakuwa msimamizi, na ni adhabu gani ya utani itamwangukia atakayeshika mkia.