Ramani huria: Nani mwenye kauli juu ya majina ya Lamu?

MWAKA 2018, Mahakama Kuu iliwapa ushindi wavuvi wa Lamu waliolalamika kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari mpya. Mwaka uliofuata, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na upungufu huo huo ukawa miongoni mwa sababu zake.

Hata hivyo, yapo maamuzi yanayovigusa visiwa hivyo ambayo hayana afisa wa kushtakiwa. Ni yale ya OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuendelezwa na watu wa kujitolea kote duniani. Ramani hiyo hutegemewa na mashirika ya misaada pamoja na programu nyingi za simu.

Katika mradi huo hakuna waziri wala mkurugenzi anayeidhinisha jina. Yeyote aliyejisajili anaweza kuandika, na mwingine akasahihisha. Kanuni kuu ni kuandika kile kilichopo mahali penyewe. Panapozuka ubishi, wachangiaji hujadiliana. Wakishindwa kuafikiana, shauri hupelekwa kwa kikundi kidogo cha wasuluhishi, nao pia ni wa kujitolea. Mapendekezo ya namna ya kuainisha vitu hupigiwa kura na huhitaji robo tatu ya kura, lakini hata pendekezo lililopita halimfungi mtu. Wakfu unaotunza mitambo una bodi iliyochaguliwa na wanachama, ila bodi hiyo haiamui ni kipi kichorwe.

Miradi mingine ya kujitolea imejiwekea sheria kali zaidi. Debian, kwa mfano, ina katiba tangu mwaka 1998, na wanachama wake huchagua kiongozi kila mwaka.

Sasa tutazame majina. Serikali huandika Lamu. Wenyeji husema Amu, na lahaja yao ni Kiamu. (Ajabu ni kuwa kampuni ya makaa ya mawe ilijiita Amu Power.) Kisiwani Pate, mji wa Faza huitwa pia Rasini. Je, kilichopo mahali penyewe ni maandishi ya ofisini au ni matamshi ya mzee wa Matondoni? Ramani ina nafasi ya majina mbadala, kwa hivyo si lazima jina moja life ili jingine liishi. Linalohitajika ni mtu wa kuyaandika.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika utaratibu huu mwenye kauli ni mwenye kufanya kazi, naye huyo hana budi kuwa na kompyuta, intaneti na saa ambazo hazitafutiwi riziki. Aliyeko Ulaya aweza kuchora mapaa ya Siyu kwa kutazama picha za setilaiti, lakini hawezi kuona kutoka angani jina la mkondo wapitao wavuvi.

Mwaka 2009, vijana wa Kibera jijini Nairobi hawakungoja kuulizwa. Walijifunza kutumia vifaa vya kupimia mahali, wakapita vichochoroni na kuchora mtaa wao wenyewe katika ramani hiyo hiyo. Kibali pekee walichohitaji kuingiza data yao ni kujisajili, na mlango huo ungali wazi kwa wavuvi wa Faza na Kizingitini, wanaoyajua maji yao kwa majina.